Jumba la karne ya 18 linalouzwa huko Shropshire: uzoefu wangu baada ya kulitembelea mara mbili

Mwezi Februari mwaka huu ami yangu anayeishi Maskati alinipigia simu kunitaka nimsindikize kwenda kuangalia jumba la kale lililotangazwa kuuzwa katika mkoa wa Shropshire, magharibi mwa Uingereza, si mbali na mpaka wa Wales. Hakunichagua kwa mapenzi peke yake. Kazi yangu ni ya kukadiria gharama za ujenzi mjini Birmingham, na kabla ya hapo nililelewa Malindi, Unguja, katika nyumba ya babu aliyekuwa fundi wa chokaa, kwa hiyo ami anaamini kwamba ukuta ukiwa na maradhi mimi nitaugundua kwa kuunusa. Tulilitembelea jumba hilo mara mbili, zaidi ya saa tano kwa jumla. Jina lake na la dalali nimeyaacha, kwa sababu mambo bado hayajakamilika.

Kabla ya kufunguliwa mlango tulitakiwa kuleta nakala za pasipoti na barua ya benki ya kuthibitisha kwamba fedha zipo. Ami alikereka, akasema kwamba kwao mgeni hupewa kahawa kwanza. Nilimweleza kwamba madalali wa hapa wanabanwa na sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha, na kwamba mwenye nyumba naye hataki watu wanaokuja kustarehe kwa macho. Kilichonikera mimi ni kitabu cha picha tulichotumiwa. Picha zote zilipigwa wakati wa kiangazi, ukuta wa mbele ukiwa umefunikwa na maua ya zambarau yanayotambaa, na kwa lenzi inayokifanya chumba cha kulia kionekane kama ukumbi wa harusi. Sisi tulifika siku ya mvua, mtambaa huo ukiwa kamba tupu, na nadhani hiyo ndiyo hali bora ya kulionea jumba la Kiingereza, kwa kuwa mvua haifichi kitu.

Sura ya mbele ni ya matofali mekundu yenye pembe za mawe, madirisha saba kila orofa, yamepangwa kwa ulinganifu ambao ungemfurahisha hata mtu asiyejua lolote kuhusu ujenzi. Dirisha moja la juu limezibwa kwa matofali, na dalali alitusimulia kwa bashasha kwamba lilizibwa ili kukwepa kodi ya madirisha. Kodi hiyo ilikuwapo kweli, kuanzia mwaka 1696 hadi 1851, na wengi waliziba madirisha yao kwa sababu yake. Hata hivyo, nilipolitazama kwa karibu niliona kwamba matofali ya dirisha hilo yamefumwa pamoja na ya ukuta unaolizunguka, bila mshono wowote, yaani lilijengwa likiwa kipofu tangu siku ya kwanza kwa sababu nyuma yake kuna dohani na mjenzi hakutaka kuvunja mpangilio wa sura. Ni jambo dogo, lakini lilinifundisha mapema ni kwa kiasi gani nimsadiki dalali wetu.

Historia ya karibuni ya jumba ni ile ya mengi ya aina yake. Kodi ya mirathi iliyowekwa mwaka 1894, na vita mbili zilizofuata, ziliwafanya wenye majumba wengi washindwe kuyatunza, na mamia yakabomolewa katika karne ya 20. Hili lilichukuliwa na jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, baadaye likagawanywa vyumba vya kupangisha, kisha likaachwa tupu. Wauzaji wa sasa walilinunua likiwa na mti uliomea ndani ya mfereji wa paa, wakalikarabati kwa miaka tisa.

Na walilikarabati vizuri, walau sehemu kubwa. Ukumbi wa kuingilia na sebule mbili za kusini zimepigwa lipu ya chokaa iliyochanganywa na manyoya ya mbuzi, kama ilivyokuwa desturi ya mafundi wa zamani, na ukiweka kiganja ukutani unahisi ukavu wenye ubaridi usiochosha. Ngazi ya mwaloni imerekebishwa kwa kukata kipande kilichooza tu na kupachika kipande kipya, badala ya kung'oa ubao mzima. Madirisha ya kupandisha na kushusha bado yana vioo vya zamani vyenye mawimbi, ambavyo ukitazama nje unaona miti ikitetemeka hata kama hakuna upepo. Fundi aliyefanya kazi hiyo hakuwa na haraka, na mimi ningemlipa bila kubishana bei.

Tatizo lilikuwa ushoroba wa kaskazini, kati ya jiko na vyumba vya watumishi wa zamani. Tulipoingia tu ami alisimama, akainua pua, akasema: "Mwanangu, hapa pananuka mvua ya mwaka jana." Nilibisha ukuta kwa kifundo cha kidole, nao ukajibu kwa sauti ngumu isiyo ya chokaa. Hadi kimo cha kiuno ulikuwa umepigwa lipu ya saruji, na juu ya mstari huo rangi ilikuwa imeanza kuvimba na kumwaga unga wa chumvi. Matofali ya kale hunyonya maji kutoka ardhini na kutoka kwenye mvua, na chokaa huyaacha maji hayo yatoke taratibu. Saruji huyafungia ndani, yakapanda juu yakitafuta pa kutokea, huku tofali lenyewe likioza polepole. Mtu wa Mji Mkongwe haelezwi jambo hili mara mbili. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na bado kila mtaa una nyumba ambayo mwenyewe aliipaka saruji ili amalize kazi kabla ya Ramadhani, sasa inamwaga vipande barabarani. Sikutegemea kukutana na ugonjwa huo katika nyumba iliyotangazwa kuwa imekarabatiwa kwa kufuata kila desturi ya kale.

Nikauliza swali ambalo kwangu ndilo kiini cha ununuzi wa jumba la aina hii: kibali cha kazi hiyo kiko wapi? Uingereza ina takribani majengo 400,000 yaliyo katika orodha ya ulinzi, yaliyopangwa katika madaraja matatu. La kwanza lina kama asilimia 2.5 ya majengo hayo, la pili lenye nyota asilimia 5.8, na yaliyobaki ni ya daraja la pili la kawaida. Jumba hili ni la daraja la pili lenye nyota. Watu hudhani ulinzi huo ni wa sura ya mbele tu, kumbe unashika hadi ndani, pamoja na vijumba na kuta za uwanjani zilizokuwapo kabla ya tarehe 1 Julai 1948. Kubadili kitu chenye thamani ya kihistoria bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka miwili. Zaidi ya hayo, ingawa mnunuzi hashtakiwi kwa kosa la aliyemtangulia, halmashauri inaweza kumwamuru arekebishe kwa gharama yake kazi aliyoikuta. Kwa hiyo anayenunua jumba lililokarabatiwa anarithi pia kila kosa la fundi, isipokuwa ameonyeshwa karatasi kabla ya kutia saini. Tulionyeshwa kibali cha paa, cha madirisha na cha jiko. Cha ushoroba wa kaskazini dalali alisema atakitafuta.

Paa halikunipa shaka. Mifereji ya madini ya risasi ni mipya, vigae vya mawe vimepangwa upya, kenchi ni kavu. Darini wamo popo, ambao wanalindwa na sheria ya mwaka 1981, na hawafukuzwi bila kufuata utaratibu. Ami alicheka hadi akashika ukuta.

Uwanja una ekari 38, na hapo ndipo nilipomwona ami akianza kupenda. Mbele ya jumba majani yanateremka hadi malishoni bila uzio wowote kuonekana, lakini kondoo hawafiki mlangoni. Siri yake ni handaki lenye ukuta upande wa nyumba na mteremko upande wa malisho, ujanja uliopendwa na wapangaji wa bustani wa karne ya 18, akiwamo Lancelot Brown, aliyebadilisha sura ya mashamba mengi makubwa ya nchi hii kabla ya kufa mwaka 1783. Ukisimama dirishani unadhani nchi yote ni yako. Upande wa magharibi umesimama mwerezi wa Lebanoni ambao matawi yake yameshikiliwa kwa nyaya za chuma, na ami alikaa chini yake muda mrefu bila kusema.

Tukiwa hapo akapita mwanamume na mbwa wake wawili, akatusalimia, akaendelea na safari yake katikati ya uwanja. Ami aliuliza ni nani huyo. Si mtu wa nyumba, nikamwambia, ni mpita njia. Njia ya umma inakatiza malisho, imeandikwa kwenye ramani rasmi ya halmashauri, na mwenye uwanja hawezi kuifunga wala kuwatilia watu vikwazo. Kitabu cha picha hakikuitaja. Kwa mtu aliyezoea nyumba yenye ua mrefu, ambapo wanawake wanakaa barazani bila kutazamwa, hilo si jambo la kupita hivi hivi, na ninashangaa kwamba dalali hakuona haja ya kulisema mapema. Bustani ya mboga iliyozungushiwa ukuta, nyuma ya nyumba, ina faragha kamili, na miti ya peasi imetandazwa ukutani kama vidole vya mkono. Tulikubaliana kwamba familia ingekaa zaidi huko.

Kuhusu maji machafu, karo, yaani tangi la maji taka lililozikwa ardhini, liko karibu na kijito. Tangu mwaka 2020 karo la kawaida haliruhusiwi kumwaga moja kwa moja kwenye mto au kijito, na tulipouliza la hapa linamwaga wapi, dalali aliandika swali kwenye daftari lake.

Bei iliyotangazwa ni pauni milioni 3. Ushuru wa stempu kwa bei hiyo, kwa mkaazi asiye na nyumba nyingine, ni pauni 273,750. Ami si mkaazi, kwa hiyo anaongezewa asilimia 2 ya bei yote, na kwa kuwa ana nyumba Maskati anaongezewa asilimia 5 nyingine. Jumla inafika pauni 483,750. Bili ya mafuta ya kupasha joto tuliyoonyeshwa ilizidi pauni 11,000 kwa mwaka. Hadi mwaka 2012 mabadiliko yaliyopata kibali katika nyumba za orodha hayakutozwa VAT. Sasa yanatozwa asilimia 20, na kung'oa saruji ya ushoroba, kuacha ukuta ukauke na kupaka chokaa upya nimekukadiria kuwa pauni 40,000 pamoja na kodi hiyo.

Je, ningelipendekeza? Jumba lenyewe, ndiyo, na bila kusita. Mengi niliyoyaona yamekarabatiwa vibaya kuliko hili. Huduma ya uuzaji siwezi kuisifu, maana kila swali gumu liliishia kwenye daftari, na mtu asiye na ndugu wa kazi hii angeondoka na hadithi ya kodi ya madirisha tu. Ami alitoa ofa ya pauni milioni 2.8, kwa sharti la kupata majibu ya karo na kibali cha ushoroba. Katika sheria ya hapa ofa haimfungi mtu hadi muuzaji na mnunuzi wabadilishane mikataba iliyotiwa saini, kwa kawaida pamoja na amana ya asilimia 10, hivyo hata sasa muuzaji anaweza kumkubali mwingine, nasi tunaweza kuondoka.

Majibu ya karo yamekuja, linamwaga ardhini kama inavyotakiwa. Kila Ijumaa baada ya sala ami ananitumia ujumbe kuuliza kama karatasi ya ushoroba imepatikana, nami kila Jumatatu namuuliza dalali. Hadi ninapoandika haya bado anaitafuta.