Kibanda cha bolti na vibano cha Barabara ya Kirinyaga, baada ya miezi mitano

Kwa miezi mitano sasa nimekuwa nikinunua bolti, nati na vibano vya mipira ya paipu katika kibanda kimoja kisicho na bango kwenye Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ile ambayo wengi wetu tungali tunaiita Grogan. Kwa kuwa wenye magari wanaojifanyia marekebisho nyumbani huuliza mara kwa mara mahali pa kupata vifaa vya kufungia vinavyoaminika, nimeona nieleze nilichonunua, jinsi kilivyostahimili kazi, na pale ambapo kibanda hicho hakikunitosheleza.

Kazi yangu ilikuwa kuweka intakula, yaani kifaa cha kupoza hewa inayotoka kwenye tabo (pampu inayoshindilia hewa) kabla haijaingia katika injini, mbele ya rejeta ya Toyota Prado ya zamani ya dizeli. Mara ya kwanza nilifunga mipira ya silikoni kwa klipu za kawaida za skrubu, zile ambazo utepe wake umetobolewa matundu, nilizozinunua penginepo. Wiki ya pili, nikipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, mpira mmoja uliteleza ukatoka mdomoni mwa paipu, gari likaishiwa nguvu na kuanza kutoa moshi mweusi. Sikuwa nimefikiria hesabu iliyo nyuma ya jambo hilo: katika paipu yenye kipenyo cha milimita 60, hewa yenye presha ya ba 1 huusukuma mpira utoke kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 29, na mvuke wa oili unaotoka kwenye tabo huifanya silikoni kuwa telezi zaidi. Klipu yenye matundu haikosei kwa kuwa dhaifu tu. Silikoni ni laini, hujipenyeza katika matundu hayo na kukatwa kidogo kidogo kila unapozidi kukaza.

Muuzaji wa kibanda hiki alinisikiliza mpaka mwisho kabla ya kutoa chochote rafuni. Nilipomwambia nataka vibano vya milimita 60 alinijibu, "Mzee, hiyo 60 ni ya paipu, kibano kinakaa juu ya mpira," kisha akachukua kipande cha mpira nilichokuwa nacho na kukipima kwa kalipa. Ukuta wa mpira ulikuwa na unene wa milimita 5 kila upande, hivyo kipenyo cha nje kikawa 70, naye akanipa vibano vya bolti vya kati ya milimita 67 na 75. Ushauri huo peke yake ulinipunguzia safari ya pili, kwa sababu vibano vya aina hii vina nafasi ndogo sana ya kurekebishwa, na ukikosea kwa milimita chache hakibani au hakiingii kabisa. Nililipa shilingi 300 kwa kila kimoja, bei iliyo juu ya klipu ya kawaida, lakini utepe wake ni mpana, kingo zake zimekunjwa nje zisikate mpira, na nguvu ya kubana inaenea sawasawa kuzunguka paipu. Nilisafisha ndani ya mipira kwa thina, nikahakikisha kila mdomo wa paipu una ukingo ulioinuka, nikafunga nyuma ya ukingo huo, na baada ya safari ya kwanza, injini ikiwa imepoa, nikakaza tena kwa kuwa silikoni hulegea ikishapata joto. Tangu hapo hakuna mpira uliosogea, ingawa nimepanda mlima uleule mara nyingi.

Kwa mipira ya maji ya rejeta alinikataza kutumia vibano hivyohivyo, na ninakubaliana naye. Asubuhi za baridi za mwezi wa Julai mpira na chuma hunywea kwa viwango tofauti, na kibano kigumu kikaacha maji yatone mpaka injini ipate moto. Kibano chenye springi hufuata mpira unapotanuka na kunywea. Sijaona tone hata moja chini ya gari tangu nifunge vibano vya springi.

Katika bolti ndipo kibanda hiki kinapostahili sifa kubwa zaidi. Visanduku vya bolti za chuma vimepangwa kwa alama ya daraja la nguvu iliyo kichwani mwa bolti, 8.8 mbali na 10.9 iliyo imara zaidi, na zisizo na alama yoyote zimewekwa kando na kuuzwa kwa kazi za samani na mageti. Wengi huvutiwa na bolti inayong'aa isiyoshika kutu wakidhani ndiyo imara kuliko zote, ilhali yenye alama A2-70 hustahimili mvuto wa megapaskali 700 (kipimo cha nguvu kwa eneo) dhidi ya 800 za 8.8. Pia unaruhusiwa kujaribu nati kwenye bolti kwa vidole kabla ya kulipa, jambo muhimu sana, kwa kuwa bolti ya inchi 5/16 hukaribia mno M8, yaani ya kipenyo cha milimita 8, kwa macho, lakini hesi zake (mikato inayoizunguka bolti) ni tofauti na nati huzunguka kidogo kisha ikakwama.

Kasoro zipo. Bolti za M10 zenye hesi za milimita 1.25 (umbali kati ya hesi moja na nyingine), ambazo hutumika sana katika Toyota, huisha haraka, na mara mbili nimekuta zile za 1.5 zimechanganywa humo, kosa ambalo lingeweza kuharibu hesi za chesisi. Nati zenye plastiki ndani zinauzwa bila onyo kwamba hazifai karibu na ekzosi, ambako joto huilainisha plastiki hiyo. Na kwa ekzosi yenyewe wana vibano vya umbo la U peke yake, vinavyoifinya paipu kiasi kwamba kuitenganisha baadaye kunahitaji grinda. Vya utepe mpana itabidi nivitafute kwingine. Ukienda, nenda Jumamosi asubuhi kabla ya msongamano, ukiwa na kipande cha mpira na bolti ya zamani mkononi.