Paneli ya kukunja ya wati 28 na pawabanki yake: miezi saba ya matumizi, Dodoma mjini na Mpwapwa

Jumatatu ya Pasaka, Aprili 1, 2024, gridi ya taifa ilipopata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme, simu yangu ilikuwa imebakiwa na chaji asilimia 9, na kwa saa kadhaa sikuweza kujua hali ya mama yangu, anayeishi na mjukuu wake mmoja katika kijiji kilichopo wilaya ya Mpwapwa. Oktoba ya mwaka huo nilinunua katika duka moja la vifaa vya sola hapa mjini seti mbili zinazofanana, moja yangu na moja ya mama. Kila seti ina paneli ya kukunja ya wati 28 yenye matundu mawili ya USB, pamoja na pawabanki ya miliampea 20,000, na iligharimu shilingi 165,000. Tumezitumia kiangazi na masika, na sasa nina la kumwambia mtu anayefikiria kununua kifaa cha namna hii kabla mvua nyingine hazijaanza.

Nianze na kifaa ambacho nilikinunua kwanza na ambacho simshauri mtu yeyote akinunue kwa ajili ya dharura: pawabanki yenye kipande cha sola mgongoni. Kipande hicho, kwa ukubwa wake wa kiganja cha mkono, hutoa wati moja na nusu hivi jua likiwa kali. Betri ya miliampea 20,000 kwa volti 3.7 hubeba takribani wati-saa 74, kwa hiyo hata kama hakuna kinachopotea njiani ingehitaji karibu saa 50 za jua kamili. Dodoma, pamoja na jua lake lote, hupata kiasi cha saa tano au sita za jua la nguvu hiyo kwa siku. Mtu huona taa ya kijani ikiwaka akaamini kwamba betri inajaa, na siku ya shida anakuta haina kitu. Zaidi ya hapo, kifaa hicho hulazimisha betri yenyewe ikae juani, nayo betri ya lithiamu haifai kuchajiwa joto lake likizidi nyuzi 45.

Paneli ya kukunja hutenganisha kazi hizo mbili, na huo ndio ubora wake mkubwa: paneli inakaa juani, betri inakaa kivulini. Nilipima kwa kipima umeme kidogo cha USB. Saa sita mchana mwezi Oktoba, matundu yote mawili yakitumika, nilipata wati 18. Tundu moja peke yake lilitoa wati 11 hadi 12. Hazikufika 28, na sioni kwamba muuzaji alinidanganya kwa hilo, kwa sababu wati zinazoandikwa kwenye paneli hupimwa maabara joto la seli likiwa nyuzi 25, ilhali mchana wa Dodoma seli hufika nyuzi 60 kwa urahisi, na kila nyuzi inayozidi hupunguza nguvu kwa karibu asilimia 0.4. Ndiyo maana nimeacha kuitandika juu ya bati. Ikiwekwa kwenye kamba ya kuanikia nguo au juu ya kichanja, mahali hewa inapopita nyuma yake, hufanya kazi vizuri zaidi. Katika latitudo yetu ya nyuzi 6 kusini jua la Machi na Oktoba hupita karibu utosini, hivyo inatosha kuilaza. Juni na Julai itafaa kuielekeza kaskazini. Vumbi nalifuta kila asubuhi kwa kitambaa chenye unyevu.

Kwa tundu moja, pawabanki ilijaa baada ya siku nzima ya jua na asubuhi ya siku ya pili. Ikishajaa, huchaji simu janja yenye betri ya miliampea 5,000 mara mbili na nusu, wala si mara nne kama hesabu ya haraka inavyoonyesha, kwa kuwa umeme hupotea unapopandishwa kutoka volti 3.7 hadi 5 na tena ndani ya simu. Kitochi cha mama, yaani simu yake ndogo ya vitufe, chenye betri ya miliampea 1,000, kinaweza kuchajiwa zaidi ya mara kumi.

Mtihani wenyewe ulikuja mwezi Machi. Mvua ilinyesha kijijini siku tatu mfululizo, nguzo moja ikaanguka, na korongo linalotenganisha nyumba ya mama na barabara likajaa maji. Kibanda cha kuchajia simu pale senta nacho hakikuwa na umeme. Chini ya wingu zito paneli ilitoa wati 2 au 3 tu, kiasi cha kukisaidia kitochi lakini si simu ya mjukuu, ambayo ilianza kuchaji na kuacha kila wingu lilipopita. Iliyotuokoa ni pawabanki, kwa sababu mama alikuwa ameijaza mapema, aliposikia redioni tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Majirani watano walichaji vitochi vyao, na mmoja wao alikuwa na binti mjamzito aliyehitaji kuwasiliana na zahanati. Mama aliponipigia usiku wa pili aliniambia, "Mwanangu, usihangaike, sisi tunasikika." Sijawahi kuona shilingi 165,000 zangu zikitumika vizuri kuliko hapo.

Kasoro zipo. Waya uliokuja na seti una urefu wa nusu mita, kwa hiyo pawabanki haifiki kivulini bila kununua mwingine. Kifuniko cha mpira cha matundu kililegea mwezi wa pili, na paneli yenyewe huvumilia manyunyu lakini matundu hayavumilii maji. Simu zetu mbili, umeme ukikatika kwa sababu ya wingu kisha ukarudi, hazianzi tena kuchaji mpaka waya uchomolewe. Kwa hiyo chaji pawabanki kwanza, kisha simu kutoka humo. Mama huiacha ikiwa na chaji nusu au zaidi na kuijaza tena kila mwezi, kwani betri ya lithiamu ikikaa tupu muda mrefu huharibika.

Yapo pia masanduku makubwa ya betri yanayotoa volti 230, yanayowafaa wenye kompyuta mpakato au ofisi ndogo. Kwa kaya inayotaka simu, redio na taa, ni mzigo na gharama isiyo ya lazima.

Ukienda dukani, nenda saa sita mchana ukiwa na kipima umeme chako, ambacho hakizidi shilingi 15,000, na umwombe muuzaji akuruhusu kuitandaza paneli nje kwa dakika tano. Ya wati 28 ikishindwa kufikisha 15 katika jua la Dodoma, irudishe kwenye boksi lake.