Chambo bandia za sangara, duka la zana karibu na soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza

Wavuvi wa mshipi, hapa kuna duka dogo la zana wanauza chambo bandia, nimechukua mbili. Ile ya mbao ni hatari aisee, ukiivuta inayumba vile vile furu (samaki mdogo wa ziwani) aliyeumia anavyoogelea na sangara ndo anachokitaka, rangi nayo haijabanduka mpaka leo. Ya manyoya ya mbuzi nzuri pia, ikilowa inacheza yenyewe hata ukivuta taratibu, sema ndoano zake laini mno, sangara mkubwa anazinyoosha, zibadilishe kabla hujaingia ziwani. Halafu meno ya sangara ni kama msasa, yanasaga mshipi, kwa hiyo mwambie muuzaji akufungie kipande kinene cha mshipi mbele ya chambo, anajua kazi yule na bei inaongeleka.