Zana za kutafsiri ujumbe wa timu bila kuandika programu: ipi inunuliwe kwanza

Kampuni ya usafirishaji yenye ofisi ya forodha Dar es Salaam, wasimamizi wa malori Tunduma na wateja Lubumbashi huandikiana kwa lugha tatu kila siku. Dereva huripoti kwa Kiswahili, mhasibu wa Lubumbashi hujibu kwa Kifaransa, na mwenye mzigo hutaka kila kitu kwa Kiingereza. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali mwaka 2021 kwamba Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga na Jumuiya mwaka 2022. Lakini ndani ya kundi la kazi bado kuna mtu anayenakili ujumbe, kuutafsiri kwenye dirisha jingine na kuurudisha, na mtu huyo akiwa likizo mawasiliano hupooza. Mwongozo huu unapanga kwa ubora zana nne, Make, n8n, Power Automate na Zapier, zinazoweza kuifanya kazi hiyo zenyewe, bila mnunuzi kuhitaji kuajiri mwandishi wa programu.

Kabla ya kutoa pesa, angalia timu yako inaongea wapi. Slack, Microsoft Teams na Telegram zina milango rasmi inayoruhusu zana hizi kusoma ujumbe na kujibu. Makundi ya kawaida ya WhatsApp, ambayo ndiyo yanayotumiwa na timu nyingi kwetu, hayana mlango huo kwa kiwango kinachotosha kazi hii, na wauzaji wanaodai kuyaunganisha kwa njia za pembeni wanakuweka katika hatari ya namba ya ofisi kufungiwa. Timu ya namna hiyo ingefanya vyema kuhamia Telegram kwa mazungumzo ya kazi, ikikumbuka kwamba roboti ya Telegram inapoingizwa kwenye kundi huanza ikiwa katika hali ya faragha na haioni ujumbe wa kawaida mpaka hali hiyo izimwe kupitia BotFather, roboti ya Telegram yenyewe ya kusimamia roboti nyingine. Watu wengi hukwama hapo wakidhani zana waliyonunua ni mbovu.

Kinachoamua bei kuliko kitu kingine chochote ni namna zana inavyohesabu kazi. Chukua timu inayoandika ujumbe 100 kwa siku kwa siku 22 za kazi, yaani ujumbe 2,200 kwa mwezi, na mtiririko wa hatua tatu: kupokea ujumbe, kuutafsiri, kuurudisha kwenye mazungumzo. Zapier haihesabu kupokea, bali huhesabu vitendo viwili vinavyofuata, hivyo unatumia vitendo 4,400. Make huhesabu hatua zote tatu, hivyo unatumia 6,600. Huduma ya n8n ya kwenye wingu huhesabu mtiririko mzima kama kitu kimoja, hata ukiwa na hatua ishirini, hivyo unatumia 2,200 tu. Namba hizi hazina maana mpaka uziweke karibu na kile kinachouzwa: kifurushi cha bure cha Zapier kina vitendo 100 kwa mwezi, cha Make kina hatua 1,000, na kifurushi cha kwanza cha kulipia cha Make huanza na hatua 10,000.

Kwa hesabu hiyo, nafasi ya kwanza naipa Make. Kifurushi chake cha kwanza cha kulipia kinaibeba timu yetu ya mfano na kubakiza akiba, na ubao wake wa kuchora mtiririko unamwonyesha hata mtu wa utawala ni hatua gani imekwama na ni ujumbe upi ulioikwamisha. Unapojenga, chagua kichocheo (hatua inayoanzisha mtiririko) cha papo hapo badala ya kile kinachokagua kwa ratiba, kwa sababu katika kifurushi cha bure ratiba haiwezi kuwa chini ya dakika 15, na lori lililosimama mpakani halisubiri dakika 15 ili swali la dereva litafsiriwe.

Nafasi ya pili ni n8n, zana iliyoanzishwa Berlin mwaka 2019, na kwa timu yenye fundi wa kompyuta anayeaminika ningeiweka ya kwanza bila kusita. Toleo lake la kujihudumia huwekwa kwenye seva yako mwenyewe na halina kikomo cha idadi ya ujumbe, kwa hiyo gharama inabaki kuwa ya kukodi seva ndogo. Ila seva hiyo inahitaji mtu wa kuisasisha, kuhifadhi nakala zake na kuamka inapozima, na kama mtu huyo hayupo, akiba yote hupotea siku ya kwanza ya hitilafu. Kuna faida nyingine inayostahili uzito: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya mwaka 2019 zinakuwajibisha kujua taarifa za watu zinapelekwa wapi, na kwa n8n ya kwenye seva yako unapunguza mtu mmoja wa kati, ingawa maandishi yenyewe bado yatafika kwa kampuni inayotafsiri.

Power Automate ya Microsoft ni ya tatu, na inawafaa wale tu ambao tayari wanalipia Microsoft 365 na kuongea kwenye Teams. Jambo jema zaidi ndani yake ni kichocheo kinachomruhusu mtumiaji kuchagua ujumbe mmoja na kuamuru mtiririko uanze juu ya huo tu. Tatizo ni kwamba viunganishi vya msingi, yaani vipande vinavyounganisha mtiririko na programu nyingine, vimo ndani ya leseni unayolipia, lakini ukitaka kuita huduma ya tafsiri ya nje kupitia HTTP, njia ya kawaida ya kutuma maombi kwenye mtandao, unalazimika kununua leseni ya juu, ambayo ni dola 15 kwa mtumiaji kwa mwezi. Isitoshe, Teams ina kitufe chake cha kutafsiri ujumbe, kwa hiyo anza na hicho uone kama kinakutosha.

Zapier ndiyo rahisi kuliko zote kujifunza, na bado naiweka ya nne. Mazungumzo ya timu yana ujumbe mwingi mfupi, na kulipia kila kitendo kwa kila «sawa» na «nimepata» ni kupoteza fedha. Inapanda daraja endapo utaweka vichujio vikali, kwa kuwa ujumbe unaoishia kwenye kichujio hauhesabiwi.

Tafsiri yenyewe ni bei ndogo kuliko watu wanavyodhani. Huduma ya Google ya wingu hutoa herufi 500,000 za kwanza kila mwezi bure, kisha hutoza dola 20 kwa kila milioni. Azure ya Microsoft ina kiwango cha bure cha herufi milioni mbili. Ujumbe wetu 2,200, ukichukulia herufi 150 kwa kila mmoja, ni herufi 330,000 kwa lugha moja, na ukitafsiri kwenda lugha mbili unafika 660,000, yaani ziada ya takriban dola 3 na senti 20 kwa Google. Zote mbili zinakijua Kiswahili. DeepL, huduma nyingine ya tafsiri, ilijijengea jina kwa lugha za Ulaya, kwa hiyo soma orodha yake ya lugha kabla ya kuilipia.

Kosa la mashine linaloumiza zaidi katika kazi hii ni la saa. Msimamizi akiandika «kontena linatoka bandarini saa mbili asubuhi», tafsiri ya Kifaransa inaweza kumfikia mteja ikisema saa nane usiku, tofauti ya saa sita kamili, na hakuna zana kati ya hizi nne itakayoligundua. Weka kanuni kwamba muda wote unaandikwa kwa tarakimu za saa 24, kama 08:00, na mashine itauacha ulivyo.

Katika kujenga, zuia roboti isisome ujumbe wake yenyewe, la sivyo itatafsiri tafsiri yake na kumaliza kifurushi chako kwa usiku mmoja. Rudisha tafsiri kama jibu chini ya ujumbe wa asili ili mazungumzo yasijae. Na kwenye Slack, badala ya kutafsiri kila kitu, acha tafsiri ianze pale mtu anapoweka alama ya bendera ya lugha anayoitaka. Njia ya bendera hupunguza gharama sana, ingawa kwenye Make huongeza hatua moja ya kwenda kuuchukua ujumbe uliowekewa alama. Lipia kwa mwezi mmoja kwanza, kwenye chaneli moja, hata kama muuzaji anapunguza bei kwa anayelipa mwaka mzima, kwa sababu idadi halisi ya ujumbe wa timu yako utaijua pale tu mwezi huo utakapoisha na ripoti ya matumizi iko mbele yako.