Miaka mitatu kwenye bodi ya ushirika wa umeme: nyota nne, ya tano nimeizuia

Bahasha ya kwanza kutoka ushirika wetu wa umeme ilikaa juu ya friji siku nne. Nilidhani ni bili, na wiki ile sikuwa na moyo wa bili. Nilipoichana nikakuta hundi ya dola 11 na senti 40. Nikapiga simu ofisini kusema wamekosea, maana anayedaiwa ni mimi. Dada wa mapokezi akacheka kwa upole, akasema hakuna kosa: mwaka ule ushirika ulibakiwa na ziada, na hilo ni fungu langu.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa korosho, Masasi. Neno likanijia lenyewe: majaliwa. Baba alikuwa anapeleka magunia chama cha msingi, anapata malipo ya awali, anangoja ya pili, halafu anakaa kuyasubiri majaliwa, yale malipo ya mwisho ya ziada, ambayo mwaka mmoja huja na mwaka mwingine huishia kuwa jina tu. Sasa majaliwa ya umeme yamenifuata kwa posta hadi Minnesota, wala sikupanga foleni.

Hundi ile ndiyo iliyonifanya, baadaye, nijaze fomu ya kugombea ujumbe wa bodi. Muhula wangu wa miaka mitatu unaisha mwezi ujao. Naandika kwa Waswahili wenzangu mliohamia mashambani huku Marekani, mnaolipa bili kila mwezi kwa kitu mnachokiita "kampuni ya umeme". Angalieni jina vizuri. Ukiona neno la ushirika pale juu, basi ile mali ni yako, na una kura moja sawa na tajiri mwenye ng'ombe mia tano.

Nianze na huduma, maana nyota hutolewa kwa huduma. Tuko mashambani, mwendo wa saa moja na nusu kutoka Minneapolis, mahindi kulia, soya kushoto. Mume wangu anaendesha lori, mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, na tuna mbuzi ishirini na watatu. Mbuzi wa huku si kama wa kwetu wanaojitafutia. Januari maji yao yanaganda kwenye birika usipokuwa na kipasha maji cha umeme. Kwa hiyo umeme ukikatika usiku wa nyuzi 28 chini ya sifuri, mimi siwazi televisheni, nawaza mbuzi.

Ulikatika hivyo mwaka jana, saa nane usiku. Nilituma ujumbe kwa simu, jibu likaja papo hapo kwamba wamepokea. Kabla ya saa kumi niliona taa za njano zinamulika kwenye theluji. Mafundi wawili. Mmoja alipanda ndani ya ile ndoo ya gari, akanyoosha fimbo ndefu hadi kwenye fyuzi ya nguzo, akaigonga mahali pake, na nyumba ikaguna yote mara moja: friji, tanuri la joto, pampu. Hawakubisha hodi wala kungoja shukrani. Niliwapelekea chai ya tangawizi wakati tayari wanakunja miguu ya gari, wakainywa wamesimama.

Chanzo nilikijua kwenye kikao cha bodi. Kila mwezi tunapewa jedwali la kukatika umeme lenye safu ya sababu: miti, upepo, magari yaliyogonga nguzo, vifaa chakavu, wanyama. Kwenye laini yetu iliandikwa: kindi, mmoja. Marehemu aligusa waya na kopo la transfoma kwa wakati mmoja. Wenzangu hawakucheka, wameshazoea. Mimi nilicheka hadi mwenyekiti akanyanyua macho.

Historia ya vyama hivi inafaa kuijua kabla ya kulalamika bei. Katikati ya miaka ya 1930 nyumba tisa kati ya kumi za mashambani Marekani hazikuwa na umeme, ilhali mijini taa zilishakuwa jambo la kawaida. Kampuni binafsi zilipiga hesabu zikaona kusimika nguzo kwa ajili ya shamba moja moja hakulipi. Mei 11, 1935 Rais Franklin Roosevelt akaunda kwa amri yake wakala wa umeme vijijini, kwa kifupi REA. Mwaka 1936 ikapita sheria ya kuukopesha umma wa mashambani kwa riba nafuu. Wakulima wakaungana, kiingilio mara nyingi dola 5, wakasimika nguzo zao. Mjumbe mwenzetu mmoja, mzee wa soya, anasimulia babu yake alivyozunguka na gari bovu akiwabembeleza majirani watoe hizo dola tano, na wengine wakimfukuza wakidhani ni tapeli. Leo vyama hivi ni karibu 900, na laini zake zimepita kwenye zaidi ya nusu ya ardhi ya nchi hii.

REA! Mtanzania akilisikia jina hilo anajua nguzo zimefika kijijini na kuunganishwa ni shilingi 27,000. Jina moja, njia mbili. Yetu ni Wakala wa Nishati Vijijini, na laini zikikamilika huendeshwa na TANESCO. Ya huku ilikopesha wanakijiji, wakabaki na nguzo na deni. Na msiniambie ushirika wa umeme ni mambo ya Wazungu: Urambo, Tabora, watumiaji walikuwa na ushirika wao miaka ya 1990, jenereta za dizeli, taa za jioni.

Sasa bodi yenyewe. Najua swali lenu la kwanza ni posho. Ipo, kwa kikao, pamoja na mafuta ya gari. Haitajenga nyumba. Ukigawanya kwa saa za kusoma makabrasha, zamu yangu ya usiku inalipa zaidi. Kabrasha la mwezi lina kurasa mia na ushee, linakuja Alhamisi, kikao ni Jumanne saa tatu asubuhi, na mimi Jumanne natoka kazini saa moja. Nimehudhuria vikao vingi macho yakiwa mekundu. Kahawa yao haisaidii. Ni maji yaliyopita karibu na kahawa.

Tuko tisa. Wakulima watano, mwalimu mstaafu, muuza matrekta, mhasibu, na mimi. Miezi minne ya kwanza neno langu kubwa lilikuwa "naafiki". Si woga tu, ni kwamba sikuelewa. Kisha wakanipeleka kozi. Ziko tano za msingi kwa wajumbe wa bodi za umeme, zinatolewa na shirikisho lao la taifa. Ile ya fedha iliniondoa tongotongo. Hapo ndipo nilipojua kwamba sisi hatuzalishi hata uniti moja. Tunanunua kwa ushirika mwingine mkubwa unaomilikiwa na vyama kama chetu, kwa mkataba wa miaka mingi, na sehemu kubwa ya bili ya mwanachama inakwenda huko. Bodi ina usemi kwenye kilichobaki: nguzo, waya, magari, mishahara, miti.

Na ile ziada haigawiwi yote kila mwaka. Inaandikwa kwa jina lako kulingana na ulivyotumia umeme, kisha ushirika unakaa nayo kama mtaji, pengine miaka ishirini, ndipo inarudishwa kidogo kidogo. Ukihama, waachie anwani mpya. Ukifa, warithi wako wanadai. Kwenye jarida la ushirika kuna orodha ya watu ambao fedha zao zimekosa mwenyewe, na nimewahi kukuta humo jina la Mswahili mwenzetu aliyehamia Texas. Nilimtafuta. Alidhani namtapeli, kama majirani walivyomdhania yule babu wa dola tano.

Kitu kingine cha kuwaeleza ni kwamba mjumbe wa bodi hawashi umeme wa mtu. Bodi inaajiri mtu mmoja tu, meneja mkuu. Wengine wote anawaajiri yeye. Majirani hawajui, au wanajua wakajitia hawajui. Nimesimamishwa dukani kwenye chakula cha mifugo, nimesimamishwa kanisani wakati wa amani, "Dada, taa yangu ya uani inapepesa." Nikisema piga namba ya ofisi wananitazama kama nimewasaliti.

Nije kwenye nyota niliyoizuia. Mwaka wangu wa pili meneja alileta pendekezo la kupandisha ada ya kila mwezi, ile unayolipa hata usipowasha taa moja. Wenye kumbukumbu watakumbuka nyumbani tulikuwa na tozo ya huduma kwenye umeme kabla haijaondolewa mwaka 2016. Huku ipo na ina hoja yake. Nguzo inayokwenda kwako ina gharama ile ile, utumie usitumie, na vyama hivi vina wateja takriban wanane kwa maili moja ya laini wakati kampuni za mijini zina zaidi ya thelathini. Mhasibu alichora mchoro mzuri. Kila mtu aliitikia kwa kichwa. Kutoka dola 32 hadi 41, na bei ya uniti ishuke kidogo.

Nilisoma mchoro, nikauelewa, nikanyoosha mkono. Tisa kwa sifuri.

Mwezi uliofuata nikampitia bibi mmoja wa barabara yetu, mjane wa miaka themanini na mitatu, ninayempelekea mayai. Bili yake ilikuwa mezani, imekunjwa mara nne. Anatumia taa mbili, friji ndogo na redio. Joto lake ni la kuni na gesi. Alikuwa ameizungushia ile 41 kwa penseli. "Nizime nini zaidi?" akaniuliza. Hakujua kama nimo kwenye bodi. Nikamwambia. Akasema, basi nyinyi mna akili kuliko mimi, akanimiminia chai.

Kwa mtumiaji mkubwa, ile hesabu ilishusha bili. Kwangu mimi mwenye vipasha maji vya mbuzi, ilinipunguzia dola sita. Bibi yule alipandishiwa tisa karibu zote. Haya yalikuwa kwenye kabrasha, ukurasa wa tisini na kitu, kwenye jedwali ambalo hakuna aliyelifungulia mdomo, mimi nikiwamo. Niliomba lirudishwe kikaoni tujadili unafuu kwa watumiaji wadogo. Likarudi, likajadiliwa dakika kumi na mbili, likaahirishwa. Bado limeahirishwa.

Wa kulaumiwa si meneja, alifanya kazi yake. Lakini wajumbe tisa tuliopigiwa kura na wanachama tulikaa upande wa mchoro. Na wanachama nao wako wapi? Mkutano mkuu unafanyika kwenye ukumbi wa michezo wa shule, Aprili, nyama ya nguruwe na viazi (mimi nabeba wali wangu), zawadi ya balbu na ndoo ya plastiki. Kati ya maelfu ya wanachama wanakuja kama mia mbili, akidi inapita kwa kubahatisha, na watu wanaanza kuondoka ndoo zikishagawiwa. Mimi nilishinda kiti kwa kura 61. Chama cha msingi cha baba kilikuwa na kasoro zake, ila siku ya mkutano watu walijaa hadi madirishani, na mweka hazina alikuja akiwa ameshaoga kwa jasho.

Mengine kwa haraka. Mpango wa hita ya maji uchukueni: wanafunga kisanduku ukutani, hita inachemsha usiku umeme ukiwa rahisi, inapumzika jioni watu wote wanapopika. Hatujawahi kukosa maji ya moto, na bei yake ni nafuu kweli. Programu ya simu ni nzuri, inaonyesha matumizi saa kwa saa. Ndiyo iliyomuumbua mwanangu na kompyuta yake ya usiku wa manane. Ofisini wanapokea simu watu, si mashine.

Miti ndiyo balaa. Mkuza wa laini, ile njia ya wazi zinamopita nyaya, lazima usafishwe, la sivyo kila upepo ni giza. Lakini mkandarasi aliyepewa barabara yetu alikata matawi ya mialoni mwezi Juni, na huku hata mtoto anajua mwaloni haukatwi kati ya Aprili na Julai, kuna ugonjwa wa ukungu unaoingilia kwenye jeraha na kuuua mti mzima. Jirani yangu wa upande wa pili wa barabara alipoteza mmoja, mkubwa, aliokuwa ameufungia bembea ya watoto. Alinipigia simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili alikuja mwenyewe na kipande cha gogo akakiweka kwenye baraza yangu. Mkandarasi hakuongezewa mkataba, na sasa tarehe za mialoni zimeandikwa kwenye zabuni. Gogo bado liko barazani, tunakalia.

Ukitaka kugombea, fomu hutolewa Januari ofisini, kwetu inahitaji sahihi kumi na tano za wanachama wa eneo lako, na uwe unaishi kwenye nyumba yenye mita hiyo. Lafudhi haihesabiwi. Soma kabrasha kuanzia nyuma, majedwali ndiyo yapo huko.

Mimi sirudi, zamu za usiku zimenichosha na mbuzi wanazaa Machi. Jirani wa mwaloni amechukua fomu. Alikuja jana kutafuta sahihi ya kumi na tano, nikamwekea, kisha nikamwonyesha ukurasa wa tisini na kitu.