Riskland darasani Nairobi: mchezo mzuri, ila miraba ibadilishwe

Riskland ni mchezo wa ubao uliotolewa na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kupunguza maafa pamoja na UNICEF, na unapatikana bure kwenye intaneti. Unachezwa kama nyoka na ngazi: ukiangukia mraba wenye tendo la kujikinga unasonga mbele, ukiangukia uzembe unarudi nyuma. Watoto wa Gredi ya 2 na ya 3 wanaushika mara moja.

Tatizo ni kwamba unagusa maafa ya kila aina, hata matetemeko na volkano, na mtoto wa mitaa ya Nairobi kama Mathare au Mukuru anahitaji kujifunza kuhusu mafuriko. Kwa hiyo chapisha ubao kwa A3 bila rangi, ugundishe kwenye katoni, kisha bandika vikaratasi vya Kiswahili juu ya miraba isiyohusu. "Umevuka maji yaendayo kasi: rudi 6." (Sentimita 15 tu zinatosha kumwangusha hata mtu mzima.) "Umepita kwenye maji yaliyofunika chemba isiyo na kifuniko: rudi 5." "Umeshika mabati yaliyolowa yenye waya wa stima: rudi mwanzo." "Umeona mto umepanda na hapa hakujanyesha, ukamwambia mama: mbele 4." Huu wa mwisho usiukose. Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, na mvua ya huko juu hushuka mpaka mitaa ya chini kukiwa kukavu kabisa.

Mraba mmoja tunasihi usiuandike kamwe: "Nyumba yenu iko kando ya mto, rudi nyuma." Mtoto hakuchagua wazazi wapange wapi, na darasani wamo walionyang'anywa kila kitu na maji ya Aprili 2024. Andika tu yale ambayo mtoto mwenyewe anaweza kuyafanya au kuyaacha.

Watoto wanne kwa ubao mmoja wanatosha. Wakifika sita, nusu saa ya kipindi inaisha mtu hajafika mwisho. Vifuniko vya soda ni kete nzuri. Kinachoharibu mchezo ni dadu: mwenye bahati anashinda bila kuelewa lolote. Weka sharti kwamba kete haisogei mpaka mchezaji aeleze sababu, na "kwa sababu ni hatari" lisikubaliwe. Aseme maji yanafanya nini: yanasukuma miguu, yanaficha shimo, yanabeba stima.

Ubao haufundishi miguu, kwa hiyo ufuatishe na zoezi la kuondoka darasani wakati wa dharura. Kengele ya dharura iwe na mlio tofauti na ya mapumziko. Mikoba inabaki darasani, watoto wanashikana mikono wawili wawili, mkubwa na mdogo, wanatembea hadi sehemu iliyoinuka, kisha mwalimu anaita majina kwa rejista. Kosa la kawaida shuleni ni kuwaachilia watoto mapema mvua kubwa inapoanza. Huko ni kuwapeleka kwenye vivuko saa ile ile mito inapopanda. Wakae hadi mzazi au jirani anayejulikana aje kuwachukua.

Kila mtoto akariri namba ya simu ya mzazi na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Anza mwishoni mwa Februari, kabla ya masika, na urudie Septemba kabla ya vuli.