Tathmini: Bodi la tipa lenye jeki ya mbele kwenye lori la ekseli tatu

Kwa mwenye lori la ekseli tatu anayebeba mchanga, kokoto, moramu au kifusi, bodi lenye jeki ya mbele, inayosimama nyuma ya kabini na kusukuma ncha ya mbele ya bodi, tunalipatia alama za juu kuliko lile la jeki ya chini, inayokaa chini ya sakafu. Linapanda juu zaidi, mitambo yake ni michache, na jeki inafunguliwa na kubadilishwa bila kufumua sakafu. Uzuri huo wote hupotea karakana ikikosea mambo mawili: ujazo wa bodi, na fremu ndogo inayokaa kati ya bodi na chasisi. Wateja wengi huuliza unene wa bati kwanza. Bati ni muhimu, lakini likitoboka linazibwa. Chasisi ikipasuka, lori zima linasimama.

Tuanze na ujazo, maana hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2013, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani na tani 18 kwenye jozi ya ekseli za nyuma yenye matairi 8. Jumla ni tani 26. Tuchukue kwamba lori tupu, pamoja na bodi, dizeli, tairi la akiba na dereva, lina tani 11. Zinabaki tani 15 za mzigo, basi.

Sasa chukua bodi la kawaida la urefu wa mita 5.2, upana wa mita 2.3 na kina cha mita 1.1. Hilo linameza zaidi kidogo ya mita za ujazo 13. Mchanga mkavu una takriban tani 1.6 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo bodi likijaa hadi ukingoni lina tani 21. Umezidisha tani 6 hata kabla dereva hajaomba aongezewe koleo mbili. Mchanga uliotoka mtoni una maji na hufika tani 1.9, hapo unakaribia tani 25. Kwa mchanga mkavu, tani 15 ni mita za ujazo 9.4, na kwenye sakafu hiyo hiyo kina chake ni sentimita 78. Kwa mchanga mbichi ni sentimita 66 tu. Ushauri wetu ni kuagiza ubavu wa sentimita 80, kisha kuchora mstari wa rangi kwa ndani, sentimita 66 kutoka sakafuni, ili kijana wa kupakia na dereva wajue mchanga wa mvua unaishia wapi. Anayetaka ubavu wa mita 1.1 awe anabeba vitu vyepesi, kama pumba, maranda au mkaa.

Mabodi yanayokuja na malori yaliyotumika kutoka Japani, mengi yakiwa ya watengenezaji wa mabodi Kyokuto au ShinMaywa, yana ubavu mfupi wa karibu nusu mita. Watu huyaona madogo na kuyaongezea bati juu. Ubavu ule haukufupishwa kwa ubahili. Lori la daraja la tani 10 la Japani limepigiwa hesabu ya tani 10, na mikono ya kuinulia iliyo chini ya sakafu, pini zake na pampu vyote vimekatwa kwa kipimo hicho. Ukiongeza nusu mita ya bati, unabeba mchanga wa tani 18 kwa mikono ya tani 10. Bushi huliwa mviringo wa yai, bodi huanza kupanda upande, na mwisho mkono unapinda. Ukilinunua lori hilo kwa kazi ya mchanga, ama uliache bodi kama lilivyo ama uling'oe lote na kufunga la jeki ya mbele.

Kwa jeki yenyewe, Hyva, kampuni iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 1979, ndiyo inayoonekana zaidi kwenye matipa ya huku, na tunaipa sifa kwa sababu moja ya msingi: namba zake zinasomeka. Kibao kilichoandikwa FC 137-4-03880 kinakwambia bomba lina kipenyo cha milimita 137, jeki inafunguka kwa hatua 4, na inasukuma milimita 3,880. Kwa namba hizo unaweza kupiga hesabu kabla ya kulipa. Ikiwa umbali kutoka pini ya nyuma, ambayo bodi hugeukia likipanda, hadi jeki ni mita 4.8, jeki hiyo italisimamisha bodi kwenye nyuzi karibu 48. Yenye msukumo wa milimita 4,280 italifikisha nyuzi karibu 53. Kokoto na mchanga mkavu huteleza vizuri kwenye nyuzi 45. Udongo wa mfinyanzi na moramu mbichi hung'ang'ania, na hapo nyuzi 50 zina maana. Usinunue ndefu kwa kujisifia, kwa sababu kila nyuzi ya ziada inapandisha mzigo juu na kuongeza hatari ya lori kulala.

Hapo ndipo udhaifu wa jeki ya mbele ulipo, na lazima usemwe wazi. Jeki ni nguzo moja ndefu. Inasukuma juu, haizuii bodi kuyumba kushoto au kulia. Bodi la mikono ya chini lina pembetatu ya vyuma inayolishika kidogo pembeni. Hili la mbele linategemea pini mbili za nyuma peke yake. Kwa hiyo, kama kazi yako ni kumwaga kwenye makorongo na dampo lenye mteremko, au bodi lenyewe ni fupi, la mita 3 na nusu, la lori dogo kama Canter, jeki ya chini ni chaguo bora na hatuoni sababu ya kubadili. Pia jeki ya mbele inadai nafasi nyuma ya kabini, jambo linalosogeza bodi nyuma na kuongeza uzito kwenye ekseli za nyuma. Mwambie fundi apime nafasi hiyo kabla ya kukata chuma, maana unaweza kuwa na tani 26 kamili na bado ukapigwa faini mizani kwa ekseli za nyuma kuzidi 18.

Fremu ndogo sasa. Chasisi imetengenezwa ijipinde kidogo barabarani. Bodi ni boksi gumu lisilojipinda. Fremu ndogo inasimama katikati yao na kuusambaza mzigo kwenye chasisi yote. Ikifungwa vibaya, nguvu zote hukusanyika sehemu moja, na ufa huanzia hapo. Sehemu ya kwanza kutazama ni ncha ya mbele, nyuma ya kabini. Ncha iliyokatwa wima, kama tofali, ni ishara ya karakana isiyojua kazi. Inatakiwa ikatwe kwa mshazari ili ugumu uongezeke polepole. Tazama chasisi za matipa yaliyochoka: ufa mwingi unaanzia pale pale ncha hiyo ilipoishia.

La pili ni namna ya kufunga. Kwa mbele fremu ishikwe na vishikio vinavyoruhusu mchezo kidogo, na kwa nyuma ishikwe kwa vibao vya chuma vilivyokazwa kwa bolti kwenye ukuta wa kati wa chasisi. Matundu yachimbwe kwa drili kwenye ukuta huo wa kati tu. Tundu kwenye sehemu ya mlalo, ya juu au ya chini, ni jeraha, kwa sababu hizo ndizo zinazobeba mvuto mkubwa zaidi. Kuchomelea kwenye chasisi ni marufuku kabisa, hata kwa "pointi ndogo tu". Moto unaharibu ugumu wa chuma kile na unaacha mahali pa ufa kuanzia. Yubolti, yaani bolti za umbo la U, zikitumika, ndani ya chasisi lazima pawekwe kipande cha kuzuia midomo ya chasisi isibonyee. Mafundi wengi hupachika kipande cha mti. Karibu na bomba la moshi kitaungua, kisha yubolti italegea kimya kimya, kwa hiyo pale weka chuma. Baada ya mwezi wa kwanza wa kazi bolti zote zikazwe upya, na zile za pini ya nyuma zikaguliwe kila wiki.

Pini ya nyuma iwe karibu kadiri inavyowezekana na ekseli ya mwisho. Ikisogezwa nyuma sana, mzigo ukinasa karibu na geti unauinua usukani hewani.

Kuhusu bati: sakafu ya milimita 8 na ubavu wa milimita 6 kwa chuma cha kawaida inatosha. Ukiweka badala yake Hardox 450, bati gumu lisiloliwa haraka la kampuni ya SSAB ya Uswidi, sakafu ya milimita 6 na ubavu wa 4, kwenye bodi lile lile la kina cha mita 1.1, unapunguza takriban kilo 450. Kila tripu unabeba karibu nusu tani zaidi bila kuvunja sheria. Bei yake ni kubwa, na tunaipendekeza kwa mwenye kazi ya mawe na kokoto za kila siku. Kwa mchanga mtupu faida huja polepole. Ila itumike kwa fundi anayejua kuiunga: fimbo za kuchomelea za hidrojeni kidogo kama E7018, zilizotunzwa kavu. Fimbo iliyolala kwenye unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa inaingiza hidrojeni kwenye kiungo, na ufa unaweza kutokea baada ya lori kuondoka karakana.

Kabla ya kuchomelea chochote kwenye bodi, ondoa waya hasi wa betri, bana waya wa athi karibu kabisa na pale unapounga, na funika mabomba ya jeki kwa turubai. Cheche ikigusa bomba linaloteleza inaacha kipele, na kipele hicho kinakata sili kila bodi linapopanda. Umeme wa kuchomelea usipitie kwenye jeki kamwe.

Pampu ya oili ya jeki inazungushwa na PTO, kifaa cha kuchukulia nguvu ya injini kinachofungwa kwenye gia boksi. Hesabu yake ni nyepesi: pampu ya sentimita za ujazo 82 kwa mzunguko mmoja, ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, inatoa kama lita 82 kwa dakika. Hakikisha mwelekeo wa mzunguko wa pampu unaendana na wa PTO, kwani pampu za gia zina upande wake, na ikifungwa kinyume sili ya shafti inang'oka. Kosa kubwa la madereva ni kuondoka PTO ikiwa bado imeingia. Injini ikifika mizunguko 2,000, pampu nayo inakimbia, oili inachemka kwenye tangi, na mtu akigusa kishikizo bodi linaweza kupanda likiwa barabarani na kukumbatia nyaya za umeme. Kengele na taa ya onyo ndani ya kabini ni lazima. Karakana inayosema ni nyongeza ya kulipia, tafuta nyingine.

Oili ya haidroliki ya kipimo cha uzito VG 46 inafaa kwa joto letu. Kipimo cha tangi kisomwe bodi likiwa limelala chini, la sivyo utajaza kupita kiasi na oili itafurika bodi likishuka. Filta ya kurudishia ibadilishwe mwezi wa kwanza, kwa sababu vumbi la chuma la utengenezaji hutoka hapo, kisha kila mwaka pamoja na oili. Kofia ya kupumulia ya tangi isafishwe mara kwa mara. Ikiziba, pampu inashindwa kuvuta oili ya kutosha, inapiga kelele kama ya changarawe, na haichukui muda inakufa. Hozi ya kuvutia oili iwe ile yenye waya ndani. Ya kawaida hubonyea ikivutwa na kuleta kelele hiyo hiyo.

Bodi likipanda kwa kutetemeka, tafuta hewa kwanza: oili pungufu, kiungo kilicholegea upande wa kuvutia, au hewa iliyobaki kwenye jeki, ambayo hutolewa kwa skrubu iliyo juu yake. Bodi likishuka lenyewe taratibu, wengi hukimbilia kununua sili za jeki. Jeki hii inasukuma upande mmoja tu, kwa hiyo sili zikivuja oili utaiona nje. Kama nje ni pakavu na bodi linashuka, mwenye kosa ni vali inayozuia oili isirudi kwenye tangi. Kagua hapo kabla ya kufungua jeki.

Vali ya kukata mwisho irekebishwe isimamishe bodi kabla jeki haijanyooka kabisa. Pini zote zipigwe grisi kila wiki. Anayeingia chini ya bodi lililoinuliwa, hata kwa dakika moja ya grisi, lazima nguzo ya usalama iwe imesimamishwa na bodi liwe tupu.

Siku ya kukabidhiwa, usikubali jaribio la bodi tupu. Pakia tani 15 za mchanga zilizopimwa, simamisha lori mahali tambarare pagumu, inua hadi robo, zima injini, weka alama ya chaki kwenye bomba la jeki na subiri dakika 10. Alama ikisogea, vali irekebishwe hapo hapo. Ikitulia, malizia kumwaga huku mtu wa pili akiwa amesimama mbali kwa nyuma, nje ya eneo la mchanga na nje ya upande ambao lori lingelalia, akitazama kama bodi linapanda wima. Kisha shusha, kagua ncha za fremu na kila yubolti, ndipo umalizie malipo.